Bonde la Kiti cha Kushoto

Ya kale hayanuki, walisema.
Hawakufumua kiti cha gari la mwaka sitini na tatu
asubuhi ya Februari, Foleshill, Coventry,
hita imezimwa kwa kuogopa bili.
Yananuka:
tumbaku ya kiko, petroli, mbwa aliyelowa,
na chini kabisa, kwenye gunia,
kitu kitamu ambacho sikukitambua.

Viti viwili tu, vyekundu vilivyogeuka rangi ya ini.
Bwana Gethin Prosser alivileta katika gari la mkewe,
amevifunika blanketi kama wagonjwa.
"Vya asili," alisema. "Ngozi ileile, singa zilezile.
Wapo wa kunishonea vipya kwa wiki moja. Sitaki vipya."
Nikampenda kwa neno hilo.
Kisha nikamtajia bei, akameza mate.

Ngozi kavu hubembelezwa.
Niliipaka mafuta kwa kidole, siku nne,
ikinywa, ikinywa,
mpaka ikakubali kupinda bila kulia.
Nyufa niliziziba kwa nyuma,
zionekane lakini zisiendelee.
Sindano niliipitisha katika matundu yaleyale,
tundu kwa tundu, maana ngozi haisamehe:
ukikosea, kosa linakaa.

Ndani ya mgongo wa kiti, maandishi ya chaki:
Enid, Ijumaa.
Basi. Bila mwaka.
Mshonaji wa kiwanda kile ambacho leo ni maegesho.
Nikamwamkia shikamoo, nikaendelea kung'oa pini.

Kisha bonde.
Kiti cha dereva kilibonyea katikati, kama viti vyote.
Cha kushoto, cha abiria, kilizama upande mmoja,
upande wa dereva.
Mtu ameegemea huko kwa miaka.
Na Bwana Gethin alishaniambia, bila kuulizwa,
mama yake hakulipanda gari la babake hata mara moja;
aliliita jeneza lenye usukani.

Mimi nilijifunzia makochi kwa mjomba, Ngamiani, Tanga,
na makochi yalinifundisha na mengine.
Nikacheka peke yangu. Ahaa, mzee!
Nikamtungia mwanamke: koti la kijani,
kicheko cha puani, jina Yvonne.
Nikalijaza bonde upesi, singa mpya juu ya kuukuu,
nikashona.
Nimestiri, nikajiambia.

Alhamisi akaja kuvichukua.
Akaketi cha dereva, akashika usukani wa hewa.
Akahamia cha kushoto.
Mtu mzima, mvi mpaka masikioni,
na bega lake likaanza kuteremka kulia, lenyewe,
likitafuta mahali.
Halikupata.
Akajinyoosha, akaona haya.

"Nilikuwa nasinzia hapa," alisema.
"Kila Jumapili usiku, tukitoka Rugby kwa bibi.
Baba alinipa peremende za siagi nisitapike.
Sikuwahi kufika nyumbani nikiwa macho."

Peremende. Kumbe.

Sina Kiingereza cha kumwomba radhi mtu
kwa kosa asilojua umemkosea.
Nikasema, "Hiki bado. Rudi Jumanne."
"Lakini kimeisha."
"Bado."

Mishono arobaini na sita, naifumua kwa kisu kidogo.
Singa mpya zinatoka, kiganja kwa kiganja,
nyeusi, zinang'aa, hazijui lolote.
Bonde sikulipima. Nani hupima aibu ya mwenzake?
Sasa naketi mwenyewe, naegemea, nakadiria:
mtoto wa miaka saba,
uzito wa usingizi,
mkono wa koti unaonuka kiko.

Natoa kidogo tena. Naketi tena.
Enid, nisogezee taa.
Na leo pia ni Ijumaa.